Kuijaribu Simu Mpya ya Kugusa

Simu ya mkononi yenye kioo cha kugusa, ambayo madukani huitwa simu ya tachi au simu janja, mara nyingi hununuliwa kwa kutazamwa tu. Mnunuzi huiwasha, hupiga picha moja au mbili, husikiliza muziki, huulizia nguvu ya betri, kisha hulipa. Kioo chenyewe, ambacho ndicho mlango wa kila jambo litakalofanywa na simu hiyo, hujaribiwa kwa kupanguswa mara moja tu, tena kwa kidole cha muuzaji. Siku chache baadaye simu hupelekwa kijijini kwa mzazi aliyenunuliwa. Huyo huigusa mara tatu isimtii, halafu vijana waliomzunguka humwambia kwamba hajazoea.

Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba mara nyingi kosa si la mazoea. Kioo cha kugusa ni chombo cha kupimia, na kama vyombo vyote vya kupimia kina mipaka yake. Mipaka hiyo yaweza kuelezwa kwa fizikia ya sekondari, na yaweza kujaribiwa na mtu yeyote kabla ya kutoa fedha zake. Jambo hili si la mchezo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pia mkoba. Kioo kinachosoma 7 pale mtu alipogusa 4 chaweza kuipeleka fedha ya ada kwa mtu asiyejulikana.

Vioo viwili visivyofanana

Kuna aina mbili kuu za vioo vya kugusa, na yafaa zitenganishwe tangu mwanzo kwa sababu watu wengi huzichanganya. Aina ya kwanza hutumia ukinzani wa umeme. Juu yake kuna utando laini wa plastiki, na chini yake bamba gumu. Nyuso mbili zinazoelekeana zimepakwa kipitishi cha umeme, na katikati yake pameachwa nafasi ndogo. Kidole kikibonyeza, utando hubonyea na kuligusa bamba. Ikiwa kati ya ncha mbili za bamba hilo pamewekwa volti 5, na mguso umetokea kwenye robo ya safari kutoka ncha yenye sifuri, utando utasoma volti 1.25. Hiyo ni kanuni ile ile ya kugawanya volti ambayo mwanafunzi huifanya kwa waya mrefu, betri na voltimita. Kipimo kimoja hutoa mahali pa mlalo, na kipimo cha pili, kilichochukuliwa kwa kuelekeza volti upande mwingine, hutoa mahali pa wima.

Kioo cha namna hii hakichagui kitu kinachokibonyeza. Ukucha, kijiti, kalamu au kidole kilichovaa glovu vyote ni sawa kwake. Simu iitwayo Simon, iliyotengenezwa na kampuni ya IBM na kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1994, ilikuwa na kioo cha kubonyezwa kwa kidole au kijiti.

Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyomo katika karibu simu zote za kugusa zinazouzwa leo, haihitaji kubonyezwa hata kidogo. Wazo lake ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1965 mhandisi E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo ya kioo kilichotambua kidole kwa mabadiliko ya kapasitansi. Nia yake ilikuwa kuwasaidia waongozaji wa ndege. Miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN karibu na Geneva, Bent Stumpe na Frank Beck walitengeneza vioo vya kugusa vya namna hiyo kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo mkubwa wa kuchapuzia protoni. Simu zilikuja kuufuata mkondo huo mwaka 2007, kwanza LG Prada na baadaye mwaka huo huo iPhone. Maelezo yanayofuata yanahusu kioo cha aina hii peke yake.

Kidole kama bamba la kapasita

Kapasita ni mabamba mawili ya kipitishi yaliyotengwa na kihami. Uwezo wake wa kuhifadhi chaji huongezeka mabamba yakiwa mapana, na hupungua yakiwa mbalimbali. Kila kihami pia kina kizidishi chake, yaani tarakimu inayoonyesha ni mara ngapi kinauongeza uwezo huo kuliko nafasi tupu. Kizidishi cha hewa ni karibu 1. Cha kioo cha simu chaweza kuchukuliwa kuwa 7. Kwa ufupi:

C = k × 8.85 × 10⁻¹² × A ÷ d

ambapo k ni kizidishi, A ni eneo kwa mita za mraba, na d ni umbali kati ya mabamba kwa mita.

Chini ya kioo cha simu kumepakwa tabaka la oksidi ya indiamu na bati, kipitishi chembamba mno hata mwanga unapita bila kipingamizi kikubwa. Tabaka hilo ndilo bamba la kwanza. Bamba la pili ni kidole. Ngozi yenye unyevu na damu iliyo chini yake hupitisha umeme, na kioo kilicho katikati ni kihami. Kwa maneno mengine, simu ya kugusa ni nusu ya kapasita. Nusu ya pili huletwa na mtumiaji.

Tuchukue kidole kinachofunika sentimita ya mraba 1, na kioo chenye unene wa milimita 0.7. Jibu ni:

C = 7 × 8.85 × 10⁻¹² × 10⁻⁴ ÷ (0.7 × 10⁻³) = 8.85 × 10⁻¹² faradi

yaani karibu pikofaradi 9. Ni kiasi kidogo sana. Mwili mzima wa mtu, ukilinganishwa na ardhi, hukadiriwa na mafundi wa elektroniki kuwa na pikofaradi 100 hivi. Simu basi haina budi kutambua badiliko la pikofaradi chache, au sehemu tu ya pikofaradi moja pale kidole kinapogusa kwa ncha, na kulitambua mara nyingi kila sekunde.

Hapa pana jambo ambalo ndilo kiini cha mambo yote yanayofuata. Katika fomula hiyo kinachoamua si umbali peke yake, bali ni umbali uliogawanywa kwa kizidishi. Kwa kioo, 0.7 ÷ 7 ni 0.1. Kwa hewa, milimita 0.1 ÷ 1 pia ni 0.1. Maana yake ni kwamba upenyo wa hewa wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao jicho haliuoni kwa urahisi, unamtenga mtu na simu yake sawasawa na kioo kizima. Upenyo huo ukiongezwa juu ya kioo, pikofaradi 8.85 hushuka hadi 4.4. Nusu ya mguso imepotea.

Sasa itafahamika kwa nini protekta mbili zenye bei tofauti hazifanani. Protekta ya kioo yenye unene wa milimita 0.3, iliyoshikamana kwa gundi uso mzima, huongeza 0.3 ÷ 7, yaani 0.04 tu, na mguso hupungua kwa asilimia 30 hivi. Simu nyingi huvumilia. Ile iliyopakwa gundi pembeni tu huacha hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayoiba mguso. Watu huilaumu simu.

Hali kadhalika kwa vidole. Mkono wa mtu aliyeshika jembe, nyundo au kasia miaka 30 umeota sugu. Sugu ni tabaka nene la ngozi kavu iliyokufa, na ngozi kavu ni kihami. Tena uso wake una mikwaruzo, na katika kila mkwaruzo mna hewa. Wazee nao, kwa kuwa ngozi yao hupoteza unyevu, hukutana na shida ile ile hata kama hawakulima. Kidole cha mtu kama huyo kinapogusa, pikofaradi zinazofika kwenye kipimo ni pungufu, na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya simu, iliyoagizwa kupuuza mabadiliko madogo ili isidanganywe na vumbi au jasho, huuhesabu mguso huo kuwa si kitu. Mzee anaposema kwamba simu haimsikii, anasema kweli kwa maana ya kifizikia kabisa.

Dawa yake si kubonyeza kwa nguvu, ingawa kubonyeza husaidia kidogo kwa kulipanua eneo A. Kuipangusa ncha ya kidole kwa kitambaa chenye unyevunyevu husaidia zaidi. Aidha, baadhi ya simu zina swichi katika mipangilio yake ya kuongeza usikivu wa kioo. Ni vizuri kuitafuta kabla ya kununua, hasa kama simu ni ya mtu wa kazi za mikono.

Nyaya za mlalo na za wima

Kutambua kwamba kidole kipo hakutoshi. Lazima ijulikane kipo wapi. Kwa hiyo tabaka la kipitishi hukatwa kuwa nyaya za mlalo na nyaya za wima, kama mistari ya karatasi ya grafu. Njia rahisi ni kupima kila waya peke yake. Tuseme kidole kimewekwa kwenye mlalo wa 3 na wima wa 5. Waya hizo mbili ndizo zitakazobadilika, na makutano yao yanajulikana bila shaka. Lakini mtu akiweka kidole cha pili kwenye mlalo wa 7 na wima wa 2, simu itaona mlalo wa 3 na wa 7, wima wa 5 na wa 2. Makutano yanayowezekana sasa ni manne: (3,5), (7,2), (3,2) na (7,5). Mawili ni ya kweli na mawili ni ya mzimu, na simu haina njia ya kuyatofautisha.

Ufumbuzi ulikuwa kupima makutano badala ya nyaya. Nyaya za mlalo hupelekewa mapigo ya umeme, moja baada ya nyingine, na nyaya za wima husikiliza. Kidole kikikaribia makutano fulani huvuta upande wake sehemu ya uga wa umeme uliokuwa ukitoka waya mmoja kwenda mwingine, na chaji inayopokewa hupungua. Kioo chenye nyaya 10 kwa 16 hivyo huwa na vipimo 160 vinavyojitegemea, na vidole viwili, vitano au kumi havichanganyiki. Ni njia ghali zaidi kwa kazi ya kompyuta, ila ndiyo iliyowezesha kuikuza picha kwa kutanua vidole.

Majaribio ya dukani

Wauzaji hupenda kusifu kamera. Mnunuzi mwenye busara atasikiliza kwa adabu, kisha ataomba dakika tano za kukijaribu kioo. Jaribio la kwanza ni kuigusa simu kwa kidole cha yule atakayeitumia. Kama ni zawadi kwa mama, basi mama aende dukani. Hakuna kipimo kingine kinachoweza kuchukua nafasi ya mkono wake.

Baada ya hapo itafutwe programu yoyote ya kuchora, na uso wote wa kioo upakwe rangi kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi pembeni kabisa. Waya mmoja uliokatika huacha ufito usiopakika, ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kasoro hii haionekani mtu anapopangusa kwa haraka, maana simu hukisia na kuunganisha pengo. Kwa simu zilizowahi kufunguliwa na kubadilishwa kioo, jaribio hili lisiachwe.

Kisha uchorwe mstari wa mshazari, polepole sana, kwa kukiegemeza kidole kwenye rula ya plastiki. Kioo kizuri huchora mstari ulionyooka. Kioo hafifu huchora mawimbi, na umbali kati ya wimbi na wimbi huelekea kulingana na umbali kati ya waya na waya: simu inajua vizuri kidole kilipo juu ya waya, lakini katikati ya nyaya inakisia vibaya. Mstari ukichorwa kwa kasi mawimbi hupotea machoni, ndiyo maana polepole imesisitizwa. Mwishowe viwekwe vidole vyote kwa pamoja, na zihesabiwe alama. Simu nyingi huonyesha 10. Za bei ya chini huenda zikaishia 5 au 2. Kwa matumizi ya kawaida 2 zatosha, na hakuna haja ya kulipia zaidi.

Jaribio la chaja pia lifanyike, na lifanyike kwa chaja ile ile itakayotumika nyumbani. Chaja hafifu huyaacha mapigo ya kasi ya umeme yapite hadi kwenye simu, hata simu nzima ikawa inapanda na kushuka kwa volti ikilinganishwa na ardhi. Kidole kisipogusa, mapigo hayo hayana njia. Kikigusa, hupita kwenye kapasita ya kidole na kuingia mwilini, na kipimo huchafuka: kioo huruka, herufi hujiandika, tarakimu hubadilika. Simu ikitulia mara inapochomolewa, kosa ni la chaja. Kutuma fedha huku simu ikiwa kwenye chaja ya namna hiyo ni kujitafutia hasara.

Majaribio ya darasani

Katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Hilo halizuii somo, kwani simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Programu ya kuchora ikishafunguliwa, kioo kiguswe kwa vitu mbalimbali, na kabla ya kila kimoja wanafunzi waandike wanachotazamia. Kalamu ya plastiki haitachora. Kijiko cha chuma kikishikwa kwa mkono mtupu, na kikagusa kwa mgongo wake, kitachora. Kijiko hicho hicho kikishikwa kwa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara kadhaa kitadhoofika au kutochora kabisa. Ndizi huchora vizuri, jambo ambalo hufurahisha darasa na kufundisha kwamba simu haijui uhai wala joto la mwili. Inachojua ni kipitishi chenye eneo la kutosha kilichoungana na mwili wa mtu. Sarafu iliyolazwa peke yake juu ya kioo kwa kawaida haileti mguso. Ikiguswa kwa kidole, huleta.

Jaribio lenye faida kubwa zaidi ni la karatasi, kwa kuwa linatoa namba. Zipimwe kwa rula karatasi 100 za daftari zilizobanwa pamoja, na unene wa moja upatikane kwa kugawanya. Aghalabu hukaribia milimita 0.1. Ilazwe karatasi moja juu ya kioo, kidole kiguse juu yake, na ionekane kama simu inatambua. Ziongezwe moja moja hadi mguso upotee, na idadi iandikwe. Kizidishi cha karatasi kavu kikichukuliwa kuwa 3, kila karatasi huongeza 0.1 ÷ 3, kwa hiyo karatasi tatu ni sawa na kioo kizima cha mfano wetu, na mguso umeshuka hadi nusu. Darasa likirudia jaribio kwa simu ya mwalimu mwingine, litapata idadi tofauti, na tofauti hiyo ni kipimo halisi cha usikivu wa simu hizo mbili. Karatasi zishikamane vizuri. Zikiwa zimejikunja, kinachopimwa ni hewa.

Jaribio la maji lifanywe mwisho, simu ikiwa imechomolewa kwenye chaja. Matone mawili matatu yadondoshwe kwa kijiti kwenye kioo, na kidole kipite kati yake. Tone lililotulia peke yake huweza kupuuzwa na simu, lakini kidole kikiligusa, maji yenye chumvichumvi huwa kipitishi kilichoungana na mwili, na simu huona kidole kipana chenye umbo la tone. Ndiyo sababu mtu aliye kwenye mvua au mwenye mikono yenye mapovu hawezi kuandika tarakimu za siri kwa uhakika.

Baada ya majaribio kioo kisafishwe kwa kitambaa laini, wala si kwa upindo wa nguo yenye vumbi. Kioo cha simu hukazwa kwa kuzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, ambapo ioni kubwa za potasiamu huchukua nafasi za ioni ndogo za sodiamu na kuubana uso. Hivyo huweza kuvumilia funguo za chuma mfukoni, lakini chembe ya mchanga, ambayo ni kwatzi, ni ngumu kuliko kioo hicho na itakikwaruza.

Maswali kwa wanafunzi

Fundi amebadilisha kioo cha simu na kuweka chenye unene wa milimita 1.1, kizidishi chake kikiwa 7. Kwa kidole cha sentimita ya mraba 1, kapasitansi imekuwa pikofaradi ngapi, na imepungua kwa asilimia ngapi kutoka ile ya mfano?

Kwa nini kalamu ya risasi iliyochongwa ncha zote mbili, mshikaji akigusa ncha ya juu kwa kidole, yaweza kuamsha kioo kwa shida, hali kijiko hukiamsha kwa urahisi?

Mvuvi mmoja ana sugu yenye unene wa milimita 0.6. Tuseme kizidishi cha ngozi kavu ni 4, na simu yake hupuuza mguso wowote ulio chini ya pikofaradi 4. Je, simu hiyo itamtambua ikiwa haina protekta? Na je, akiwekewa protekta ya gundi ya pembeni inayoacha hewa ya milimita 0.1?